Kamba ya Kizibo

Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi, inspekta aliinama nyuma ya mashua ndogo ya mbio iliyolazwa juu ya vigogo viwili katika banda la klabu, akaelekeza kidole kwenye tundu lenye upana wa mdomo wa chupa.

"Hapa palikuwa na kizibo," alisema. "Hakipo."

Mshona matanga alisimama upande wa pili, macho makavu. Binti yake, mtoto wake wa pekee, alikuwa amezikwa jana yake adhuhuri.

Mashua ile ilikuwa ya mtu mmoja: tumbo bapa, nyuma pana, tanga kubwa kupita kiasi. Aliyeiendesha alijifunga mshipi wenye ndoano, akaning'inia nje juu ya maji kwa waya ulioshuka kutoka mlingotini. Chini ya sakafu lilipita tangi moja la hewa, na ndani ya tangi sheria ilitaka vipande vya povu gumu, ili hata maji yakiingia mashua isizame. Jumamosi, saa tisa na dakika kumi alasiri, upepo ulivuma ghafla na mashua ikapinduka. Nyingine za aina hiyo hulala ubavu zikasubiri kuinuliwa. Hii ilikwenda chini kama jiwe, na msichana akiwa bado kwenye ndoano.

"Kizibo kikitolewa tangi linajaa polepole," inspekta aliendelea. "Kuna mtu alionekana ameinama hapa Jumamosi saa nne. Yule mnayemwita Kishada."

Kishada ndiye aliyekuwa mpinzani mkubwa wa marehemu. Aliletwa bandani akiwa hajanyoa, wanaklabu wakimfuata nyuma hadi mlangoni.

"Ulikuwa unafanya nini nyuma ya mashua hii?" inspekta aliuliza.

"Pini ya usukani ilikuwa imelegea. Aliniomba koleo, nikamkazia."

"Umkazie mtu unayetaka kumshinda?"

"Nilitaka kumshinda majini, afande. Usukani ukichomoka ningekuwa nimemshinda nani?"

"Na jana? Mashua ilitolewa bwawani saa kumi na moja jioni. Daftari la mlinzi linasema uliingia humu saa kumi na moja na dakika ishirini."

"Niliingia kulia. Kwangu kumejaa watu."

Mshona matanga alizunguka vigogo hatua kwa hatua, akamzaba kibao kilichosikika hadi gatini. "Kalie rumande," alimwambia. Kishada hakuinua mkono. Saa tatu na nusu alipandishwa gari la polisi.

Watu walipotawanyika, mama yule alibaki kukunja tanga alilolishona kwa mikono yake. Kila mkunjo aliupiga ngumi. Hapo ndipo jicho lake lilipotua kwenye kipande cha kamba ya nailoni, urefu wa kidole, kilichobaki kando ya tundu. Kizibo hufungwa kwa kamba kisipotee.

Alikishika. Tope la kijivu la bwawa lilikuwa limekauka juu ya mashua nzima na juu ya kamba pia, isipokuwa nchani. Ncha ilikuwa nyeupe, laini, imejiviringa kama punje ya shanga.

Alimpigia simu inspekta. Saa nne na dakika ishirini walikuwa wameinama pamoja.

"Hii imekatwa, kisha ikachomwa kwa kiberiti ili isifumuke," alisema. "Ingechomwa Jumamosi, ncha ingekuwa na tope kama pengine pote. Imekatwa baada ya mashua kutolewa majini."

"Kishada aliingia jana."

"Aliingia. Lakini kama aliizamisha Jumamosi kwa kutoa kizibo, Jumapili angekuja kukata kamba ya nini? Aliyekata alikuta kizibo mahali pake, afande. Alitaka tulione tundu, turidhike, tusitazame ndani."

Mama akachomoa tanganini ule ubao mwembamba wa kulinyooshea, mrefu kuliko yeye, akauingiza tunduni. Ulipaswa kugota kwenye povu. Uliteleza tu, ukaingia wote, hadi vidole vyake vikagusa mashua.

"Tangi ni tupu," inspekta alisema. "Basi maji yalipitia wapi?"

Wakamimina ndoo tatu za maji tunduni. Kwenye mshono wa sakafu, karibu na ule ubao wa katikati unaoshuka chini ya mashua, maji yakaanza kutiririka. Ufa mwembamba kama uzi.

Inspekta alifungua tena daftari la mlinzi. "Baada ya Kishada aliingia mmoja tu. Saa kumi na mbili kasoro dakika tano. Alikuja kufunika turubai."

"Najua ni nani," mama alisema. "Baba alitucharaza mimi na mdogo wangu kwa kila ncha ya kamba tuliyoiacha wazi. Hata akiiba, mkono wake utachoma ncha."

Karakana ya mdogo wake, fundi aliyeiunda mashua ile, ilinuka gundi na vumbi la faiba. Saa saba mchana walimkuta akipiga msasa. Alipomwona dada yake alikuja amkumbatie. Dada akarudi nyuma.

"Povu liko wapi?"

"Povu gani, dada?"

"La mashua ya mpwa wako."

Alimtazama inspekta, akatazama mlango, kisha akaketi juu ya ndoo ya rangi.

"Kilo nne," alisema hatimaye. "Lilizidisha kilo nne. Chama cha mbio kilikuwa kinachagua mchoro wa mashua ya timu ya taifa, na kingechagua ile itakayoshinda. Tangi halikuwa likivuja popote. Nililipima mwenyewe."

"Ukapunguza na faiba kwenye mshono."

"Kidogo."

"Yeye alijua?"

"Hapana. Nilitaka ashinde, dada."

"Ulitaka mchoro wako ushinde. Yeye ulimfanya uzito wa kupimia." Sauti yake haikupanda. "Ulibeba jeneza lake jana. Jioni ukaenda kumtwisha mtoto wa watu kifo chake. Na mimi nikampiga."

"Niliogopa."

"Yeye ndiye aliyeogopa. Kule chini, akihangaika na ndoano."

Kizibo kilipatikana katika droo ya misumari. Inspekta alipomfunga pingu, mama aliuliza swali moja la mwisho.

"Umejenga nyingine sita kwa mchoro huo. Zikoje?"

"Zina povu zote. Naapa kwa kaburi la baba, ni ile moja tu."

Saa tisa alasiri Kishada alitolewa rumande. Mama alimngoja mlangoni mwa kituo, akaenda naye moja kwa moja hadi klabuni, akasimama mbele ya wale wale walioshuhudia asubuhi.

"Nilimpiga huyu kwa kosa la ndugu yangu," aliwaambia. "Niwieni radhi nyote, na yeye kwanza."

Kishada aliitikia kwa kichwa. Kisha mama akaagiza zile mashua sita zitolewe majini. Wawili kati ya wenye mashua walilalamika kwamba wamekwisha kutweka matanga, aliwatazama, wakayashusha. Kishada alifungua vizibo, mama akaingiza ubao.

Kwenye ya kwanza uliingia wote. Ya pili pia. Alipofika ya sita, inspekta alikuwa akiandika huku kalamu ikitoboa karatasi. Ubao uliteleza hadi mwisho.

"Sita," mama alisema. Akamgeukia inspekta. "Andika na hili, afande: ameapa kwa kaburi la baba yetu."