Nguvu za Bibi Kimya

Tak!

Ulikuwa mlio mdogo tu, wa kitu kuteleza kutoka pembeni mwa mto wa kulalia na kugonga sakafu ya saruji. Alfajiri ilikuwa bado giza. Mshonaji alinyoosha mkono chini ya kitanda, akapapasa, akagusa kandambili, akagusa mdoli, mwisho akaigusa simu. Kidole kilipopita juu ya kioo kilihisi ufa kutoka kona hadi kona.

"Mungu wangu," alinong'ona, asije akamwamsha Kifungo.

Kifungo alikuwa binti yake wa miaka mitano. Jina hilo alilipata siku alipomeza kifungo cha shati la sare kwenye karakana ya mama yake, akakitoa kesho yake bila msaada wa daktari. Baba yake alishaoa kwingine na kuhamia huko huko. Nyumbani walikuwa wawili tu, na simu ile ilikuwa ya kupokea wateja, ya kusomea masomo ya jioni, na mtoto akishalala, ya kuchezea mchezo.

Adhuhuri ilimkuta kwenye mtaa wa mafundi, amebanwa katikati ya watu, kila mmoja amenyoosha simu yake mbele kama anaomba ibarikiwe. Alivaa gauni la bluu alilolishona mwenyewe, lenye mifuko miwili mikubwa. Nyuma ya meza aliketi fundi kijana, shati jeupe lililopauka, mikono imekunjwa, lenzi ya kukuzia imefungwa kwenye paji la uso. Alibandika kioo kipya, akaiwasha simu, na mchezo ukafunguka wenyewe.

Fundi akashusha lenzi yake kwenye jicho.

"Samahani, dada. Huyu Bibi Kimya ni wa nani?"

"Wangu. Kwani vipi?"

"Yuko ng'ambo ya daraja."

"Ndiyo, nimemvusha."

"Wewe mwenyewe?"

"Hapana, nilimwita mjomba. Mimi mwenyewe, ndiyo! Mbona unashangaa?"

"Mimi miezi mitatu nauawa pale pale. Nafundishwa na kila mtu, nauawa."

"Basi tengeneza vizuri, nami nikufundishe."

"Jamani!" alipiga kelele mteja wa nyuma. "Kama mnachumbiana semeni, sisi tutafute fundi mwingine!"

Watu wakacheka. Fundi aliinamisha kichwa, masikio yamewaka, lakini simu alipoirudisha ilikuwa na namba mpya ndani yake.

Bibi Kimya hakuwa na upanga wala bunduki. Alikuwa mwanamke wa joho la kijivu, kitambaa kimefunika mdomo, na silaha yake ilikuwa akili. Adui akimkaribia, pete ya zambarau iliwaka juu ya kichwa cha adui huyo, na pigo lilipotoka lilimkuta Bibi keshasogea. Wachezaji wote walisema anasoma mawazo. Fundi naye alisema hivyo, tena kwa bidii. Alikuwa na daftari zima la maelezo: pete inachukua sekunde ngapi, inafika umbali gani, nguvu zinamwisha lini.

"Haloo, mshonaji wa moyo wangu," alisema jioni moja kwenye simu.

"Acha maneno. Umevuka daraja?"

"Nimekufa mara nne."

"Pole, marehemu. Sikiliza. Mimi naona huyu mama hasomi kitu."

"Anafanya nini basi?"

"Njoo Jumapili nikuonyeshe."

Jumapili alikuja na mkate na maziwa, ameoga mpaka shingo inang'aa. Walikaa mkekani watatu, dirisha wazi, Kifungo na kopo la vifungo mapajani. Kazi yake ilikuwa kuhesabu. Mlinzi wa daraja akipiga kulia, anaweka kifungo chekundu. Akipiga kushoto, cheupe. Kwanza walicheza mara ishirini pete ikiwa inawaka. Kisha mara ishirini Bibi akiwa amezuiwa kutumia akili yake.

Safu ya kwanza ilikuwa nyekundu yote. Ya pili ilichanganyika, vyekundu kumi na kimoja na vyeupe tisa.

"Umeona?" Mshonaji alipiga goti lake kwa furaha. "Asipomwingilia, mlinzi anapiga anakotaka. Akimwingilia, anapiga kulia tu. Bibi hasomi, baba. Anampandikizia wazo, halafu anakwepa kile alichokipandikiza mwenyewe!"

"Hapana, mpenzi. Labda pete inawaka kwa yule aliyekwisha kuamua kupiga kulia."

"Mara ishirini?"

"Bahati."

"Bahati mara ishirini! Kifungo, umesikia mjomba wako?"

"Mjomba ameshindwa," alisema Kifungo, akakusanya vifungo vyake.

Fundi alicheka lakini hakukubali. Alipenda kuamini kwamba akili ya mtu husomeka. Hakuwa mtu wa kuuliza. Kazini kwake simu haiulizwi inaumwa wapi, inafunguliwa, inatazamwa. Mshonaji naye alitazamwa vivyo hivyo, kichwa cha fundi kimeinama upande, jicho moja limefanywa dogo.

"Usiniambie," angesema. "Una njaa."

"Nina njaa, kweli."

"Usiniambie. Umemkasirikia yule mteja wa suruali."

"Wewe mchawi!"

Alifurahi kusomwa. Mwanamke aliyekaa miaka mitatu bila mtu wa kumtazama usoni, leo anatambulika hata kabla hajafungua mdomo! Akaanza kuacha kusema. Kiatu kikimbana alinyamaza, akangoja ajulikane. Mara nyingi alijulikana. Asipojulikana alinuna kidogo, kisha akasamehe.

Mwaka ulipita hivyo. Ndipo kampuni moja ya mji wa mbali ikatangaza kwamba inatafuta wajaribu wa michezo ya simu, na kila mwombaji aandike namna nguvu za mhusika mmoja zinavyofanya kazi.

"Niandikie kwenye kompyuta ya darasani kwenu," fundi aliomba, akampa daftari. "Mimi nikigusa kibodi naona vidole vyangu ni vya jirani."

"Na mji wenyewe ni mbali sana?"

"Siku nzima ya basi. Lakini hawatanichukua, tuseme ukweli."

Mshonaji aliandika jioni mbili mfululizo, wenzake wakihangaika na hesabu. Alinyoosha sentensi, akaondoa marudio. Kurasa zilipoisha alifunua moja zaidi, kuhakikisha hakuna kilichobaki.

Palikuwa na jedwali la safu tatu. *Tarehe. Nilichosoma. Ukweli.*

Alisoma huku tabasamu likimtoka. *Tarehe tatu: ana njaa. Kweli. Tarehe nane: hanitaki leo. Si kweli, jino lilikuwa linamuuma. Tarehe kumi na tisa: anataka nimbebe Kifungo ila anaona haya kusema. Kweli.* Kurasa sita, mwaka mzima wa uso wake. Alikuwa karibu kulibusu lile daftari.

Mstari wa mwisho ulisema: *Wakinichukua nitamwambia. Atasema, nenda.* Safu ya tatu ilikuwa wazi.

Tabasamu lilikauka. Alirudia kusoma. Kwa hiyo ameshajibiwa? Swali halijamfikia, na jibu lake limeshaandikwa kwa kalamu ya mtu mwingine?

Asichokijua ni kwamba fundi alipouandika mstari ule mkono ulikuwa mzito, na alipofunga daftari aliomba kimoyomoyo kwamba huo mmoja, katika yote, uwe kosa.

"Mwambie kwamba umeona," alishauri shoga yake wa karakanani, mkataji wa vitambaa, chaki imemtapakaa mpaka kwenye nyusi.

"Nimwambie nini? Si anasoma mawazo? Asome."

"Shoga, wewe na huyo bwana mtaumbuana."

Wiki tano baadaye fundi alikuja na barua. Alivaa shati jipya la kijani, kola bado ina alama ya mkunjo wa dukani. Alisimama mlangoni, akasema, "Wamenichukua. Miaka miwili."

Basi. Aliinamisha kichwa upande, akamtazama.

Mshonaji alikuwa na maneno yake tayari, ameyalaza ulimini mwezi mzima: *usiende, au utuchukue na sisi.* Lakini aliliona lile jicho dogo, akaiona safu ya tatu ikingoja, na hasira ikampanda. Kama ameshanijibia, basi na apate jibu lake.

"Nenda," alisema.

"Nenda?"

"Si umesikia. Kazi nzuri hiyo, hongera. Nenda."

"Nilijua utasema hivyo," fundi alisema polepole, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepigwa.

Siku ya safari fundi alikaa dirishani, begi mapajani, macho mlangoni mwa basi. Walipanda mama na watoto wake, akapanda mzee na redio, akapanda kondakta. Mlango ukafungwa.

Mwanzoni alipiga simu kila jioni.

"Mko salama?"

"Tuko salama. Kazi?"

"Inaendelea. Kifungo?"

"Ameng'oka jino."

"Mwambie pole."

"Atasikia."

Halafu wote wawili walishika simu na kunyamaza, kila mmoja akisikiliza pumzi ya mwenzake, kila mmoja akiamini kwamba mwenzake anasikia. Simu za kila jioni zikawa za Jumapili, za Jumapili zikawa za sikukuu, na mwaka wa pili ukaanza bila simu yoyote.

Alirudi alasiri moja ya joto, kwa siku tatu tu, kufunga kibanda chake na kugawa vifaa. Karakana ilikuwa na kelele za cherehani sita. Mkataji ndiye aliyemwona kwanza, akaweka mkasi chini na kutangaza kwa sauti kwamba anakwenda kunywa maji, wala asifuatwe.

Fundi alikuwa amenenepa kidogo, miwani usoni badala ya ile lenzi. Mshonaji alivaa aproni nyeusi juu ya gauni la njano, tepu imening'inia shingoni, sindano tatu kifuani. Kifungo, miaka minane sasa, alikuwa chini ya meza ya kukatia na daftari lake la shule, miguu nje.

"Karibu, mgeni," alisema Mshonaji. Aliondoa mguu kwenye pedali, kisha akaurudisha.

"Asante. Hujambo?"

"Sijambo. Umekuwa mtu wa miwani."

"Skrini zile. Na yule pale ndiye nani, ana miguu mirefu hivyo?"

"Mimi," miguu ilijibu. "Nafanya hesabu."

Fundi alicheka, akaketi kwenye kiti cha wateja. Alishika ukingo wa kitambaa, akauachia. "Nimekuja kukwambia jambo. Kule kazini waliniruhusu kusoma karatasi za waliomtengeneza Bibi Kimya. Kila nguvu imeandikwa inavyofanya kazi."

"Na?"

"Hasomi. Anapandikiza. Ulikuwa sahihi tangu ile Jumapili."

Mshonaji alishona mshono mzima mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno. "Umelijua lini?"

"Mwezi wa tatu tu tangu nifike."

"Mwezi wa tatu! Na hukunipigia kuniambia?"

"Nilipolijua nililikumbuka lile jedwali. Ule mstari wa mwisho. Nikajiuliza kama uliuona." Alivua miwani, akaifuta kwenye shati. "Uliuona?"

"Niliuona."

"Kabla sijaja na barua?"

"Wiki tano kabla."

Alifumba macho. "Kwa hiyo ni mimi niliyekutia neno kinywani."

"Kinywa kilikuwa changu," alisema Mshonaji. "Ningeweza kusema lingine. Nilikuwa nalo."

"Lipi?"

"Achana nalo. Ya zamani hayo."

"Niambie basi, mpenzi. Naomba. Sitaki kubahatisha tena."

Neno lile *mpenzi* lilimgonga mbavuni. Alitazama mikono yake. Jibu lilikuwa pale, bichi kama siku ile, lakini alikuwa na miaka miwili ya kulimeza na koo lilishazoea. "Unarudi lini kazini?" aliuliza badala yake.

"Kesho kutwa. Nimesaini miaka mitatu mingine. Jumatatu iliyopita."

"Jumatatu hii?"

"Hii hii. Nilikaa na ile karatasi siku nne. Nilisema, nikiona sababu moja tu ya kurudi, siisaini. Nikakumbuka kituoni. Nilitazama mlango wa basi mpaka ukafungwa. Nilijiapiza kwamba ukitokea, hata usiposema kitu, nashuka na begi langu. Hukutokea. Nikajua umemaliza."

Mshonaji aliinamia cherehani. Alijaribu kutunga uzi kwenye sindano, ukapita kando. Akajaribu tena, ukapita kando. Midomo ilikuwa imekazana, na kichwa alikitikisa kidogo kwa mtu aliyekuwa chini ya meza, ambaye penseli yake ilikuwa imesimama kitambo sasa.

Fundi hakuona. Alivaa miwani, akainuka, akakisukuma polepole kiti mahali pake. "Haya. Nafurahi kuwaona mko salama."

"Tuko salama," alisema Mshonaji.

Kifungo alitoka chini ya meza, magoti yamejaa chaki, akasimama katikati yao na kusema kwa sauti, "Siku ile tulikuja kituoni, lakini mama alinikataza nisikuite."