Jina ku Karatasi ya Mutuka

Kila asubui, kabla ya filimbi ya kazi kulia, Mianda alikuwa anapangusa umande juu ya mutuka, gari yabo. Mutuka ile ilikuwa ya zamani. Rangi yake ya bulu ilikuwa imepauka, sawa kitambaa yenye kufuliwa mara mingi. Ukungu ilifunika kamp yote ya bafanyakazi, hata nyumba za jirani hazikuonekana. Mianda alikuwa anaona kama mutuka inaelea, na yeye pamoja nayo, polepole, bila mutu wa kuiongoza.

Mume yake, Badibanga, alikuwa fundi ku mine, kule banachimba mawe. Miaka mbili yenye kupita, alinunua ile mutuka kwa Bwana Lambrechts, muzungu mwenye kupima mawe. Tangu pale, mama yake Badibanga, mama Ngalula, alirudia kuenda misa. Miguu yake ilikuwa imekataa kutembea. Zamani, siku ya yenga, siku ya kusali, alikuwa anabakia ku kitanda na kusikiliza kengele kwa mbali. Sasa alikuwa anakaa nyuma ya mutuka, kitambaa nyeupe ku kichwa, na muji yote ilikuwa inapita mbele ya macho yake sawa ndoto.

Siku moja jioni, jirani yao Kisimba alifika. Alikuwa karani ku garaji moja.

— Tata Badibanga, ule Bwana yako anarudia Bulaya. Atapanda treni ya Lobito, kule ku bahari, siku ya ine ya juma hii. Imebakia siku tatu tu.

— Aende salama.

— Na karatasi ya mutuka?

Badibanga akaitoa ndani ya Biblia, akaikunjua na furaha.

— Iko hapa. Na jina ya Bwana iko juu. Polisi akisoma jina ya muzungu, ananifungulia njia pale pale. Jina yangu itanisaidia nini? Badibanga, nani anamujua?

— Hata mi mwenyewe ninamujua kidogo tu, Mianda alisema.

Badibanga akacheka. Kisimba hakucheka.

— Tata, polisi anakufungulia juu anafikiri weye ni shofere ya Bwana. Bwana akishaenda, shofere gani atabakia na mutuka? Batakuuliza: uliitoa wapi?

— Nitasema nilinunua.

— Karatasi itasema hapana. Na Bwana atakuwa mbali, ngambo ya bahari. Nani atakusemea?

Pale njo mama Ngalula, mwenye kukaa pembeni yabo, akasema, taratibu, sawa mutu mwenye kuzungumuza na batoto:

— Badibanga, nitakutegea kitendawili kimoja. Iko mutoto. Anakula kwako, analala ku kiwanja yako, unamunawisha kila siku. Lakini bakimuuliza baba yake, anataja mutu mwingine. Ni nani?

Badibanga akakuna kichwa. Mianda akaangalia inje. Mwangaza ya jioni ilikuwa nyekundu na vumbi ya mine, na chini yake ile kitu ya bulu ilisinzia.

— Ni mutuka, Mianda alijibu.

— Ni mutuka, mama Ngalula alisema. Polisi bakiikamata, mi nitarudia ku kitanda na kengele yangu.

Badibanga akaangalia miguu ya mama yake. Akakunja karatasi.

— Kisimba, tufanye nini?

— Muandike barua ya kuuzisha. Jina ya mwenye kuuzisha, jina ya mwenye kununua, tarehe, namba ya plake ya mutuka, na namba yenye kupigwa ku injini. Ile ya injini, muisome ku chuma yenyewe. Muandike barua mbili sawasawa. Bote babili batie sinyatire ya mukono yabo ku kila moja. Bwana anabakia na moja, weye moja. Kisha unapeleka yako na karatasi ya zamani ku biro ya Leta, kwa serikali. Kule njo batakutolea karatasi mupya.

Kesho yake, Mianda alipangusa mafuta ku chuma na kidole. Alikuwa anajifunza kusoma ku foyer, masomo ya bamama. Akasoma namba moja moja, Kisimba akaandika.

Nyumba ya Bwana ilikuwa tupu. Rido za madirisha zilikuwa zimetolewa, na kila hatua ilikuwa inalia ndani ya vyumba. Bwana Lambrechts alisoma barua kati ya masanduku.

— Nilifikiri mulibadilisha jina zamani, alisema.

Akatia sinyatire mara mbili. Kisha akasimama ku dirisha, akaangalia mutuka kwa murefu.

— Honi bado inalia sawa mbuzi?

— Bado, Bwana.

Siku ya ine, treni ililia ku gare. Mianda alikuwa anaanika nguo. Alisikiliza mpaka sauti ikayeyuka upande wa Dilolo, njia ya bahari, na moyo yake ilibakia baridi, bila woga.

Badibanga alikaa asubui mbili ku kiti ya mbao ya biro, anangojea. Kiisha majuma tatu, karatasi ikatoka. Mianda akaisoma na kidole: Ba-di-ba-nga. Akarudilia, juu ilikuwa tamu ku kinywa.

Siku ya yenga yenye kufuata, kiisha misa, balienda bote kuangalia maji ya ziwa ya Nzilo. Ku barabara, polisi akabasimamisha. Badibanga akatoa karatasi.

— Badibanga ni nani? polisi aliuliza.

— Ni mi.

Polisi akaangalia karatasi, akaangalia uso yake, akaangalia mama muzee nyuma na kitambaa yake nyeupe. Akarudisha karatasi.

— Pita, tata Badibanga.