Ndala za Buluu za Ukumbi wa Isohama

Hebu niambie wewe unayesoma, umewahi kufungua kabati la vitabu ukapokewa na harufu ya matumbo ya ngisi? Sisemi ngisi mbichi. Huyo sisi wa Isohama tumemzoea tangu tukiwa mgongoni mwa mama zetu. Nasema matumbo yaliyotiwa chumvi, yakachacha chupani mwezi mzima kama tunavyoyala na wali, kisha yakamwagwa juu ya karatasi.

Bi Mine alilifungua kabati hilo Jumamosi, saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi. Lakini kinyaa kilikuwa kimekwisha kumshika tangu mlangoni.

Bi Mine ana miaka sabini na minne na anaimba sauti ya pili. Kila Ijumaa saa kumi na moja jioni husafisha vyoo vya ukumbi, halafu hupanga ndala za wageni kwenye rafu ya mlangoni, tunapovua viatu: jozi kumi na sita, zote za kijani. Vyoo vina ndala zake, nyekundu kwa wanawake na buluu kwa wanaume; ukiingia unaacha za kijani nje, ukitoka unazivaa tena. Ndala ya chooni haivuki kizingiti cha choo. Mtoto wa miaka mitatu anajua hilo. Na asubuhi ile, katikati ya ndala za kijani, palikuwa na jozi moja ya buluu, bado ina maji.

"Mchafu gani huyu," alinong'ona, akaishika kwa gazeti. Alikwenda mpaka choo cha wanaume. Nje ya mlango wake jozi moja ya kijani ilikuwa imeachwa, inamsubiri mwenyewe atoke. Ndipo aliponusa harufu kutoka chumba cha piano.

Mle kabatini, daftari la kwaya lilikuwa limefunuliwa ukurasa wa kwanza, limejaa uji wa kahawia wenye maganda ya ndimu. Kurasa za nyuma zilikuwa safi.

Nikueleze daftari lenyewe. Mwaka ambao dhoruba ilichukua mashua tatu, wanaume kumi na tisa hawakurudi, wala maiti zao. Kwetu maiti huchomwa, na huwezi kuchoma mifupa usiyokuwa nayo. Basi wajane na wapasuaji wa ngisi walisimama gatini wakawaimbia wimbo mmoja, "Taa ya Gati". Tangu hapo, kila anayepotelea baharini sisi humwimbia, bila malipo, na jina lake huandikwa humo, baada ya ukurasa wa kwanza wenye wimbo wenyewe. Jiwe la bandarini linasema wimbo ulitungwa na marehemu Mwalimu Shirogane, baba wa Mwalimu Shirogane anayetufundisha sasa. Jumapili ilikuwa sherehe ya miaka sitini ya wimbo huo, na watu wa makumbusho walikuwa waje kulipiga picha daftari, ukurasa kwa ukurasa.

Saa tatu na nusu wanakwaya wote kumi na wawili walikuwa wamefika na vitambaa puani.

"Maganda ya ndimu," alisema Mwalimu Shirogane, amesimama mbali karibu na dirisha. "Hapa mjini ni nani anatia maganda ya ndimu kwenye ngisi wake?"

Macho yakamgeukia Bi Ume. Ana miaka themanini na minane. Alipasua ngisi miaka arobaini, na vidole vyake havinyooki tena. Ndiye pekee aliyebaki kati ya wale walioimba siku ya kwanza.

"Ni ngisi wangu," alisema Bi Ume. Basi.

"Uzee huo," alisema Mwalimu kwa upole uliomchefua Bi Mine kuliko harufu. "Hatutamshtaki mtu. Lakini kesho apumzike nyumbani. Isitoshe, kwenye mstari wa mwisho huwa anatuchelewesha kila mwaka."

Bi Ume aliinama, akaanza kukunja skafu yake aondoke. Miaka sitini hakuwahi kukosa kuimba.

"Usikunje kitu, dada," alisema Bi Mine. "Kaa. Mwalimu, kila mwezi wa kumi na moja Bi Ume hutugawia chupa za ngisi huyu, sote. Hata wewe. Kwa hiyo ngisi hasemi kitu. Nipeni mpaka saa nane mchana."

Alianza na Bi Ritsuko wa sauti ya kwanza, aliyekuwa amenyang'anywa nafasi ya kuimba peke yake wiki iliyopita, na aliyeazima ufunguo Ijumaa.

"Nilifanya mazoezi mpaka saa kumi na mbili na nusu," alisema Bi Ritsuko. "Halafu nikamrudishia Tokuji ufunguo. Usinitazame hivyo. Ningetaka kulipa kisasi ningemmwagia Mwalimu mwenyewe, kichwani."

"Ulipotoka, ndala mlangoni zilikuwa rangi gani?"

"Kijani. Wewe umezipanga, nani angethubutu?"

Mzee Tokuji, mlinzi wa ukumbi, alikuwa anafagia majani uani.

"Asubuhi ulimfungulia mtu?"

"Hakuna, ila wewe. Nilikuja saa mbili na nusu, nikakuta mlango umefungwa vizuri. Funguo ni mbili, yangu na ya Mwalimu."

"Wewe ukiingia ndani unavaa ndala zipi?"

Alicheka, akaufungua mfuko wake. Viatu vyeupe vya turubai, jina lake limeandikwa kwa wino mbele ya vidole. "Ndala zako za kijani zinanibana, mama. Miaka tisa sijazigusa. Hata chooni unaviona hivi vimepaki mlangoni, watu hunicheka."

Halafu Bi Mine akarudi kwenye daftari. Alifunga kitambaa puani, akachukua kibanio na maji, akausafisha ukurasa ule polepole, kama anayemsafisha mtoto kidonda. Ilimchukua saa mbili. Wino ulikuwa umekwenda na uji. Lakini chini ya wino palikuwa na penseli, na penseli haikimbii maji.

Saa nane kamili alitandaza gazeti juu ya kigoda cha piano, akaweka ndala za buluu.

"Mwalimu, mara ya mwisho uliingia hapa lini?"

"Nimeshasema. Alhamisi, siku ya mazoezi. Sijakanyaga tena mpaka leo saa tatu na nusu."

"Ijumaa jioni nilisafisha choo cha wanaume, hizi nikaziacha ndani. Ritsuko akatoka, rafu ikiwa kijani tupu. Leo asubuhi nimezikuta mlangoni, na za kijani zinasubiri nje ya choo. Ni mwanamume, basi, aliyevaa ndala za wageni, na ana ufunguo. Tokuji ana viatu vyake. Amebaki nani?"

Mwalimu aliingiza mikono mifukoni.

"Unamchukia ngisi, sote tunajua. Uji ulikurukia mikononi, ukakimbilia kunawa. Kinyaa cha mikono kikakusahaulisha miguu. Ukatoka na ndala za chooni, ukapita nazo sakafuni tunaposimama kuimba."

"Aah, jamani," alisema mtu nyuma, na wawili wakainua miguu yao kutoka sakafuni.

"Kwa nini nichafue daftari la baba yangu?" aliuliza Mwalimu.

"Kwa sababu ya hili." Bi Mine aliinua ukurasa. Haukuwa na nota za mistari. Ulikuwa na tarakimu, moja mpaka saba, kila moja badala ya sauti ya wimbo, zimeandikwa kwa penseli nyuma ya karatasi ya kuhesabia makasha ya ngisi. Pembeni palikuwa na neno moja: Ume. "Wimbo aliutunga yeye. Baba yako alizifunika kwa nota zake za wino. Makumbusho wangepiga picha, wangeuliza."

Mwalimu alikaa, akaliegemea dirisha. "Jina lake liko kwenye jiwe," alisema. "Kila mwaka naweka maua pale. Mnataka nikachonge upya jiwe la baba yangu?"

"Jiwe si kitu. Ulichukua zawadi ya bibi huyu na harufu ya kazi yake, ukampaka nayo mbele ya watu. Ngisi ananuka, Mwalimu, lakini tunamla."

Hakuna aliyemtetea. Bi Ritsuko alifungua madirisha yote, hata lile alilokuwa ameliegemea Mwalimu, ikabidi ahame.

Bi Mine alimpelekea Bi Ume ukurasa. "Dada, miaka yote hii umenyamaza. Ulitaka nini? Jina?"

Bi Ume alizisoma tarakimu kwa kidole kilichopinda mpaka chini kabisa.

"Jina baadaye," alisema. "Mstari wa mwisho mnaukimbiza. Tangu siku ya kwanza mnaukimbiza. Mimi nilitaka uende polepole, kama mtu anayengoja mashua."