Joto Chini ya Bati

Mwaka ule wa 1973 mvua zilichelewa kijijini Madimba. Mwezi wa kumi na moja ulikuwa unakwisha, na mawingu yalipita tu, yakaenda zake. Kuku walitembea midomo wazi. Usiku watu waligeukageuka vitandani. Walitoka nje, wakarudi ndani, wakatoka tena.

Lakini kazi haikungoja. Ulikuwa msimu wa korosho. Zilianguka mchana na usiku, na mvua ingezikuta chini zingeoza. Kila nyumba ilikuwa shambani.

Mwanaisha alikuwa shambani pamoja na mumewe, Saidi, na mama mkwe wake, Bi Hadija. Mimba yake ilikuwa ya miezi minane. Aliinama, akaokota, akainuka, akashika kiuno. Kisha akainama tena.

"Pumzika kidogo," Saidi alimwambia.

"Nikikaa nawaza. Afadhali niokote."

Saidi hakuuliza anawaza nini. Alijua. Mwaka uliopita, msimu kama huo, Mwanaisha alijifungua mtoto wa kike kabla ya siku zake. Mtoto hakulia. Walimzika asubuhi. Mchana Saidi akarudi kuokota korosho, kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Tangu siku hiyo hawakulizungumza jambo hilo. Lakini mkono wa Mwanaisha haukuacha kwenda tumboni.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Nyumba yao ilikuwa mpya, ya bati, na Saidi aliionea fahari. Mchana bati lilichemka. Usiku joto lilibaki chumbani. Maji yalitoka kisimani, mbali, bondeni, na Mwanaisha alikunywa kidogo tu. Bi Hadija alikuwa amemwonya.

"Mwanangu, mjamzito hanywi maji mengi. Mtoto atakuwa mkubwa, utashindwa kumzaa."

Siku moja, jua la utosi, Mwanaisha alisikia kichwa kinamgonga. Macho yakaingia giza. Alishika tawi la mkorosho, likamponyoka. Akaanguka kwa magoti, kisha kwa ubavu.

"Saidi! Saidi we! Mkeo!" Bi Hadija alipiga kelele.

Walimbeba mpaka nyumbani. Ngozi yake ilikuwa ya moto. Tumbo lilikaza, likaachia, likakaza tena.

"Uchungu huo," Bi Hadija alisema. "Na siku zake bado. Kama mwaka jana."

Alimfunika blanketi. Akafunga dirisha ili upepo usimdhuru. Saidi hakusubiri. Alirukia baiskeli, akaenda mbio zahanati.

Alirudi na mwuguzi kwenye kiti cha nyuma. Aliitwa Veronika, mtu wa Songea, na watu wote walimwita Sista. Alipofika mlangoni mwa chumba, joto lilimpiga usoni, akasimama.

"Shikamoo, mama," alimwambia Bi Hadija.

"Marahaba, mwanangu."

"Tumtoe humu. Sasa hivi."

"Nje? Kwenye upepo?"

"Mama yangu, humu ni tanuri. Tumtoe kwanza, halafu utanigombeza."

Walimlaza katika banda la jikoni. Banda lilikuwa la makuti, wazi pande mbili, na moto ulikuwa umezimika tangu asubuhi. Sista Veronika aliondoa blanketi. Alilowesha khanga, akampangusa shingo, kwapa na miguu. Akamlaza ubavu wa kushoto.

"Ndugu Saidi, mpepee."

Saidi alichukua ungo, akapepea. Sista alimnywesha mgonjwa maji, kidogo kidogo.

"Mdogo wangu, mtoto amecheza leo?"

Mwanaisha alifumba macho. "Jana alicheza. Leo... sijui, Sista. Sikumbuki."

Sista alitoa chombo chake cha mti, mfano wa tarumbeta ndogo. Upande mmoja aliuweka tumboni, upande wa pili akautegea sikio. Akasikiliza. Akakisogeza. Akasikiliza tena. Saidi aliacha kupepea.

"Pepea!" Sista alisema. Baada ya kitambo akainua kichwa. "Moyo wa mtoto unapiga. Unakwenda mbio mno, lakini unapiga."

Wakangoja. Saidi alitoka, akarudi. Bi Hadija alinyoosha mkeka ambao ulikuwa umenyooka. Sista alilowesha khanga, akaikamua, akailowesha tena. Jua lilipoanza kupungua ukali, tumbo lilianza kulegea. Kisha Mwanaisha aliushika mkono wa mama mkwe wake, akauweka ubavuni mwake.

"Mama. Hapa."

Bi Hadija alisikia teke. Likaja la pili. Akageuza uso, akajifuta machozi kwa ncha ya khanga.

Hapo ndipo Saidi alipopata nguvu ya kuuliza. "Sista, mke wangu amepatwa na nini?"

"Joto na kiu. Mjamzito ana joto lake mwenyewe na la mtoto, na yote mawili lazima yatoke mwilini. Jua likiwa kali na yeye hakunywa maji, jasho halitoshi kumpoza. Damu inayokwenda kwa mtoto hupungua. Tumbo nalo laweza kuanza kukaza kabla ya wakati."

Bi Hadija hakukubali upesi. "Sisi tulilima na mimba zetu, tukazaa. Jua ni hilihili."

"Ni kweli, mama. Na watoto wote walipona?"

Bi Hadija alitazama chini. "Wawili, hapana."

Saidi alisema kwa sauti ya chini, "Basi hata yule wetu wa mwaka jana..."

"Sijui, ndugu yangu. Mtoto hufa tumboni kwa sababu nyingi, na sitaki kukudanganya. Lakini huyu yupo. Huyu tunaweza kumlinda."

"Tufanye nini?"

"Anywe maji safi, yaliyochemshwa yakapoa, na anywe hata kabla ya kuona kiu. Maji hayamnenepeshi mtoto, mama. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai, ajue maji hayajatosha. Kazi za jua afanye alfajiri tu, au jioni. Mchana akae kivulini. Alale hapa bandani, si chini ya bati. Akiona kizunguzungu, au kichwa kinauma sana, au tumbo linakaza, au mtoto hachezi kama kawaida yake, msingoje kuche. Mleteni."

"Na korosho?" Saidi aliuliza. Papo hapo akaona haya.

Mwanaisha ndiye aliyejibu. "Alfajiri nitaokota nawe. Za mchana utaziokota mwenyewe."

Kesho yake Saidi alishuka bondeni kuteka maji. Wanawake kisimani walimcheka.

"Saidi, siku hizi wewe ndiye umeolewa?"

"Ndiyo," alisema, akijitwika debe. "Na mume wangu ana kiu."

Mwezi wa kumi na mbili Mwanaisha alijifungua salama zahanati. Mtoto alikuwa wa kiume, mdogo, lakini alilia mpaka watu wa nje wakasikia. Wakamwita Rashidi.

Wote walidhani hofu imekwisha. Mvua ilikuwa bado.

Bi Hadija alikuwa ametayarisha chumba cha mzazi kama alivyotayarishiwa yeye na mama yake. Dirisha lilifungwa. Makaa ya moto yaliwekwa kwenye sahani chini ya kitanda. Mtoto alivishwa sweta na kofia, akafungwa ndani ya blanketi. Juu yao lilikuwa lile bati.

"Mama, joto," Mwanaisha alisema.

"Vumilia. Mzazi ni mbichi. Baridi ikikuingia utaharibika."

Mwanaisha alitii kwa heshima. Jasho lilimtiririka mpaka shuka likalowa. Hakupata usingizi. Alimhamisha mtoto bega la kulia, akamrudisha la kushoto. Siku ya tatu, mchana, mtoto aliacha kulia. Alipopewa ziwa, hakulishika.

"Mama! Njoo umwone. Amelegea."

Bi Hadija aliingiza mkono ndani ya blanketi, akagusa kifua cha mjukuu wake. Kilikuwa cha moto, kama ngozi ya Mwanaisha siku ile alipoanguka. Aliutazama moto uvunguni. Akalitazama bati.

Kisha aliinama, akaivuta sahani ya makaa kwa mikono yake mwenyewe.

"Mbebe mtoto. Tunatoka."

"Na arobaini yangu, mama?"

"Utaimalizia bandani. Watakaosema, waseme."

Bandani walimvua mtoto kila kitu, wakamfunika kipande cha khanga. Bi Hadija alimpangusa kwa kitambaa cha maji vuguvugu. Mwanaisha alimkamulia matone ya maziwa mdomoni. Saidi alipoitwa kutoka shambani, waliondoka moja kwa moja kwenda zahanati. Njiani mtoto alilia kidogo. Hakuna kilio kilichopata kuwafurahisha kama kile.

Sista Veronika alimpima, akamchunguza, akabaki naye mpaka jioni. Homa ilikuwa imeshuka, wala haikurudi. Mtoto akanyonya, akalala, akanyonya tena.

"Mmefanya vizuri kumleta," Sista alisema. "Joto la mtoto mchanga laweza kuwa la blanketi, laweza kuwa la ugonjwa. Kwa macho hutajua."

"Nimpe maji?" Bi Hadija aliuliza.

"Hapana, mama. Maji yake yamo ndani ya maziwa. Anayekunywa maji ni mama yake, na mtoto anyonye mara kwa mara." Kisha akauliza, "Nani aliyewatoa chumbani?"

"Mimi."

"Nami sikukwambia habari za moto wa uzazi. Nilisahau kabisa."

"Hukuniambia," Bi Hadija alisema. "Nilimgusa, nikajua."

Mwanaisha alimaliza arobaini yake katika banda la makuti. Majirani walisema, kisha wakachoka kusema. Rashidi alinenepa. Msimu wa korosho uliofuata alikuwa anatambaa, na asubuhi moja, jua limekwisha panda, Bi Hadija alimbeba mgongoni kumpeleka kupimwa uzito. Mtoto hakuwa na nguo ila kaptura.

Njiani walikutana na Amina, binti wa jirani, mwenye mimba kubwa. Alikuwa na jembe begani, anakwenda shamba.

"Bibi, mtoto unamtembeza uchi hivyo?" Amina alicheka.

"Anapumua," Bi Hadija alijibu. Alimtazama Amina usoni, akatazama midomo yake iliyokauka. Akamtua jembe begani, akalishika yeye.

"Nawe njoo kivulini, mwanangu. Kaa hapa. Umekunywa maji leo?"