Mahali Pakavu Kilimani

Mwili wa Naftali ulionekana Ijumaa saa moja asubuhi. Ulikuwa umenaswa kwenye mgunga chini ya bonde, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari kutoka Riyadh. Hema lake lilikuwa limejisokota kwenye miiba ya mti huo huo. Mafuriko yalikuwa yamepita na kwenda zake, yakaacha tope jekundu na mtu aliyekufa.

Waliomwona ni Vincent na Kevin. Vincent alikuwa dereva wa familia moja mtaa wa Sulimaniyah, na Kevin bawabu wa jengo la ofisi huko Olaya. Walikuwa wamekuja na mandazi, maharagwe na gunia la makaa, wakitarajia kumkuta Naftali ameshachemsha chai.

Vincent alimshika shingo. Baridi. Nyuma ya kichwa palikuwa pamebonyea. Akaita polisi kwa simu, na walipokuwa wakingoja akamwuliza Kevin swali moja tu.

"Naftali analala bondeni tangu lini?"

Kevin alikuwa amekaa kwenye jiwe. Alikuwa akilia.

Kila majira ya baridi Wasaudi hutoka mjini kwenda kulala jangwani, desturi wanayoiita kashta. Wakenya wale nao walishika tabia hiyo, ila wao hawakuwa na pesa za kambi za kukodi. Walitafuta ardhi ya serikali isiyo na lango, isiyo na bomba wala choo, mahali mtu anatandika mkeka bure na kuimba nyimbo za kwao bila kumsumbua jirani. Mtafutaji wao alikuwa Naftali. Alipopata mahali aliwatumia wenzake lokesheni, na Alhamisi alitangulia kupashika kabla familia za mjini hazijapawahi. Sheria yake ilikuwa moja, na aliirudia mpaka ikawachosha: bonde ni njia ya maji, hata kama maji yamesafiri.

Msimu ule walikuwa wamehama mara tatu. Kila mahali pazuri palikaa wiki mbili, kisha wakirudi wanakuta uvundo wa kutapisha. Walidhani ni ngamia waliokufa. Naftali alizungukazunguka na kuinama, kisha akasema tu, tuhame. Na kila kuhama kuliwapeleka mbali zaidi.

Polisi walifika saa mbili na nusu. Hezekiah naye akafika na pikapu ya kafili wake, mwajiri aliyemdhamini, na watu wanne nyuma. Alipouona mwili alivua kofia, akasema bila kuulizwa kwamba yeye ndiye aliyemleta Naftali jana saa kumi jioni, akamshusha pale juu, akarudisha gari mjini.

Afisa alitaka kujua kwa nini alimwacha mtu jangwani siku iliyotolewa onyo la mvua. Hezekiah alisema Naftali mwenyewe alikataa kurudi. Afisa akauliza kama walikuwa na ugomvi. Hezekiah akasema hapana. Hapo Kevin, kwa woga au kwa ujinga, akatoa simu na kucheza sauti ambayo Hezekiah aliitupa kwenye kundi lao la WhatsApp Jumatano, kisha akaitafsiri kwa Kiarabu chake cha kubahatisha.

"Naftali, umetuzungusha jangwa lote kama mbuzi. Siku moja nitakushusha huko nikuache, wallah."

Ilikuwa mizaha. Kila aliyekuwa kwenye kundi aliicheka. Lakini mizaha haitafsiriki, na afisa hakucheka. Hezekiah akapandishwa gari la polisi.

Kabla mlango haujafungwa alimwita Vincent. "Bro, tikiti yangu ni Jumapili usiku. Unajua mama yuko mochari."

Vincent alijua. Mama yake Hezekiah alikuwa amelala mochari kwao Mbale, Kenya, wiki nzima akimngoja kifungua mimba wake aje atupe udongo wa kwanza. Kafili alikwishampa viza ya kutoka. Faili la polisi likifunguliwa, viza hiyo ni karatasi tu. Wazee wa kule wangengoja mpaka Jumanne. Baada ya hapo wangezika bila yeye, na mtoto ambaye hakumzika mama yake husemwa mpaka naye azikwe.

Polisi walipoondoka na mwili, Vincent hakushuka bondeni tena. Alipanda kilima.

Juu palikuwa tambarare, changarawe na udongo mgumu. Mvua ilikuwa imeanza saa mbili usiku ikaacha saa tisa, na ardhi yote bado ilikuwa nyeusi kwa unyevu, isipokuwa sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mraba, kavu, nyeupe, na katika pembe zake mawe manne. Naftali hakutumia vigingi vya chuma kwenye changarawe. Alifunga kamba kwenye mawe. Vincent aliitazama kwa muda. Hema lilisimama hapa mvua yote. Liling'olewa baada ya mvua kukatika. Mafuriko hayapandi kilima kuchukua hema.

Sehemu ya pili ilikuwa hatua chache kando, nayo kavu, ndefu na pana. Gari lilikuwa limesimama hapo tangu kabla ya mvua mpaka ilipokwisha. Mwisho mmoja wa ule ukavu ulikuwa na doa la maji kama sahani. Vincent alifikiri ni matone ya AC. Alama za matairi zilitoka upande wa pili, kuelekea barabarani. Alipiga picha zote kwa simu, kabla jua halijakausha kila kitu.

Wakati wa kurudi mjini aliviangalia viatu vya Kevin. Vilikuwa na tope lililokauka, na tope la bondeni lilikuwa bichi.

"Jana usiku ulikuwa wapi?"

"Kazini, boss. Olaya."

"Zamu yako?"

"Ndiyo."

Vincent alimshusha, akampigia simu msimamizi wa mabawabu, Mganda mmoja waliyefahamiana. Msimamizi alisema Kevin hakuwa na zamu Alhamisi. Vincent akageuza gari papo hapo. Bosi alikuwa amepiga simu mara mbili akitaka kujua gari liko wapi, na Vincent hakupokea.

Alimkuta Kevin kwenye maegesho ya chini ya jengo, na ndoo mkononi. Alikuwa akiosha magari ya wenye ofisi, kazi ambayo ikama yake, kibali cha kuishi nchini, haikuiruhusu. Alipomwona Vincent aliiweka ndoo chini.

"Ningesema ukweli ningefukuzwa nchini," alisema Kevin. "Nilikuwa hapa usiku kucha. Kuna kamera. Uliza."

"Na sauti ya Hezekiah uliichezea nini?"

"Nilidhani wakishapata mtu hawataniuliza mimi nilikuwa wapi."

Vincent alimwambia maneno ambayo hayaandikiki, kisha akamwacha. Kamera zilikuwepo kweli, na sakafu ilikuwa na tope lile lile la viatu. Kevin alikuwa mwoga tu. Mwoga hawezi kushusha maiti kutoka kilimani.

Alirudi garini akakaa. Alikuwa amewasha gari lakini haendi popote. Vidole vyake vilikuwa vikipigapiga usukani. Jioni ya Januari ilikuwa baridi, na mkono wake ukaenda kwenye swichi ya joto. Hapo ndipo ulipokwama.

Nani anawasha AC usiku wa baridi na mvua?

Alitoa simu akaitazama picha tena. AC ya gari hudondosha maji mbele. Gari lile liliingia kinyumenyume au kimbelembele? Alama za matairi ziligeukia barabarani kwa mkunjo mkubwa, jinsi gari refu linavyoondoka likitazama mbele. Kwa hiyo doa lilikuwa nyuma. Ni gari refu, pana, linalovuja nyuma.

Vincent alimjua mtu mmoja mwenye gari la namna hiyo. Fred aliendesha lori la majitaka. Walimtania kwamba hata akija kashta kwa miguu nzi wanamfuata, naye alicheka kuliko wote. Bomba la nyuma la lori lake lilivuja tangu mwaka jana na kafili wake hakutaka kulitengeneza, hivyo Fred alilining'inizia debe la mafuta ya kula.

Lakini Fred alikuwa ameaga kwenye kundi Alhamisi adhuhuri kwamba anapanda basi la jioni kwenda Jeddah, kwa binamu yake Eric. Na Ijumaa mchana, habari ilipoenea, alitoa pole kwa sauti ya kulia, akisema yuko Al-Hindawiyah, mtaa wa binamu yake huko Jeddah.

Yadi ya malori ilikuwa kusini mwa jiji. Mlinzi wake, Mbangladeshi mzee, alikuwa akipika dengu. Lori la Fred lilisimama pale, debe halipo, bomba likidondosha. Vincent alimwuliza kwa Kiarabu kama rafiki yake Fred aliondoka lini.

Mzee alisema Fred alichukua lori Alhamisi saa kumi na moja jioni, likiwa limejaa. Akalirudisha Ijumaa alfajiri, akaoga, akaomba ashushwe uwanja wa ndege. Kisha akaongeza jambo lililokuwa likimsumbua yeye mwenyewe. Lori lilirudi vile vile, limejaa. Fred hajawahi kurudisha lori limejaa. Wengine wanapanga foleni nusu siku kwenye kituo cha kumwagia, Fred huenda na kurudi upesi, mafi mushkila, hakuna shida.

Vincent alisimama pale na uvundo ukimwingia puani. Aliujua uvundo ule. Ameukalia mara tatu msimu huu, akidhani ni ngamia.

Bosi akapiga tena. Safari hii Vincent alipokea. Bosi alikuwa ameruka kwenda Jeddah kwa shughuli zake, akataka gari limfuate. Alfajiri. Yalla.

"Hadhir," aliitikia Vincent, na kwa mara ya kwanza siku ile alishukuru kuajiriwa.

Jumamosi alitoka alfajiri, akafika Jeddah saa kumi jioni akiwa amesimama mara moja tu. Hakwenda kwa bosi. Alikwenda Al-Hindawiyah, akaegesha mbele ya duka la kuuza kuku, akapanda ngazi za nyumba ambayo rangi yake imebanduka kama ngozi. Eric ndiye aliyefungua. Vincent alimwomba atoke akanunue chai. Eric akamtazama usoni, akatoka.

Fred alikuwa kwenye kitanda cha chini, nguo zake bado zimo kwenye mfuko.

"Vincent. Umefikaje huku?"

"Kwa barabara. Wewe ulikuja na nini?"

"Si nilisema basi."

"Basi la saa ngapi?"

"La jioni. Alhamisi."

Vincent akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Akamwonyesha picha ya kwanza, mraba mkavu na mawe manne. Akamweleza kwamba hema lilikuwa juu mvua yote. Fred akasema pengine ni hema la watu wengine. Vincent akamwuliza ni nani mwingine anayefunga kamba kwa mawe.  Akamwonyesha picha ya pili.

"Hili ni gari gani?"

"Nitajuaje? Gari ni gari."

"Linavuja nyuma. Mzee wa yadi anasema ulirudi alfajiri. Anasema tangi lilikuwa limejaa, na hujawahi kurudi limejaa. Kwa nini, Fred?"

Fred aliinuka, akaenda dirishani, akarudi, akakaa, akainuka tena. Chumba kilikuwa kidogo na hakikuwa na pa kwenda.

"Aliniita," alisema mwishowe. "Naftali aliniita mwenyewe. Alisema njoo tuongee kabla wengine hawajafika, nisikuaibishe mbele ya watu."

"Alijua."

"Aliokota debe la bomba langu, kule mahali pa tatu. Akakaa nalo wiki nzima hasemi. Nilikuwa na mzigo, mvua ikatukamata, tukakaa ndani ya lori tukiongea vizuri tu. Nilimwambia ukweli. Foleni ya kituo inakula siku, kafili anataka safari tano. Zile lokesheni zake zilikuwa na barabara nzuri na hakuna watu. Nilimwaga mzigo wangu usiku, jua linakausha. Nilidhani jua linakausha."

"Tuliimba juu ya mavi yako, Fred."

"Ndivyo alivyosema yeye." Fred alijifuta uso kwa kiganja. "Mvua ilipoacha akashuka kulipiga lori picha. Akasema niliambie kundi mwenyewe, au yeye atawaambia manispaa. Picha ikifika huko mimi ni jela, kisha ndege. Nikamnyang'anya simu. Akaishika. Nikamsukuma. Akaanguka kwenye yale mawe yake ya hema. Mara moja tu, Vincent. Sikumpiga hata kofi."

"Ukambeba bondeni, na hema lake."

"Nilisikia maji yanakuja kutoka juu. Nikafikiri, mtu akikutwa bondeni, kila mtu atasema ni maji."

"Kila mtu ila aliyemjua. Na simu?"

Fred aliuvuta mfuko wake wa nguo, akaufunga.

"Iko kwenye tangi," alisema Vincent. "Ndiyo sababu hukulimwaga, simu ingetoka."

Nje muadhini aliita magharibi. Fred alingoja mpaka sauti ikakatika, kisha akasema kwamba yeye pia ana watoto, kwamba Hezekiah angeachiliwa tu baada ya miezi, kwamba hakuna aliyemwona. Aliyasema haraka, moja juu ya jingine.

"Mama ya Hezekiah yuko kwenye jokofu," Vincent alisema. "Ulikula ugali wake. Ulinionyesha picha, uko mezani kwake na Hezekiah mwaka ule mlipokwenda likizo pamoja. Wazee wanangoja mpaka Jumanne. Mimi nina picha, mzee wa yadi ana mdomo, na tangi lina simu. Nitakwenda polisi na wewe au bila wewe. Ukija mwenyewe, utasema ulisukuma. Nikienda peke yangu, watasema uliua."

Eric alirudi na vikombe vitatu vya chai ya maziwa. Hakuna aliyevigusa. Fred alivaa viatu vyake. Alifunga kamba, akafungua, akafunga tena.

"Halas," alisema. "Twende."

Hezekiah aliachiliwa Jumapili adhuhuri, baada ya polisi wa Riyadh kulimwaga tangi lile yadini na kuipata simu. Alifika uwanja wa ndege na shati lile lile la Ijumaa. Vincent hakumwona. Alikuwa bado Jeddah, akimsubiri bosi nje ya hoteli, bosi ambaye alikuwa amekwishamwambia kwamba dereva asiyepokea simu hatakuwa dereva mwezi ujao.

Jumatano Hezekiah alituma picha. Kaburi lilikuwa kwenye mteremko wa juu, nyuma ya migomba, mbali na kijito. Chini yake aliandika kwamba wazee walikuwa wamechimba pale bondeni kwa sababu udongo ni laini, naye akawafanya wafukie na kuanza upya.

Vincent aliitazama picha ile mpaka bosi alipogonga kioo.