Mlinzi Aliyekabidhiwa

Shemeji aliomba maji, na sauti haikuwa yake. Aliyatamka maneno huku akivuta pumzi ndani, "Nipe... maji...", kama mtu anayezungumza na kumeza kwa pamoja. Dada akacheka. Kinyozi, jirani yao, akacheka mpaka akapiga meza. "Bwana huyu kwa vituko!" Karani hakucheka. Sauti ile aliijua. Aliitunga mwenyewe Jumapili iliyopita, na Jumapili iliyopita shemeji hakuwepo.

Ngoja tuanzie mwanzo, asije mtu akaachwa njiani. Karani lilikuwa jina la utani. Kazi yake ilikuwa kuchonga lenzi za miwani. Jina alilipata kwa ajili ya mchezo. Kila Jumapili alasiri walikutana kwa dada yake kucheza mchezo wa hadithi: kila mmoja ana mhusika wake, dadu ndiyo inayoamua amefaulu au ameumia, na Karani ndiye mwendeshaji, anayesimulia nchi nzima na kuwasemea maadui wote. Wenzake wakicheza, yeye kalamu haitulii. Nani kafungua mlango gani, nani kaahidi nini, nani kajeruhiwa wapi. Wiki ijayo wakibishana, daftari ndilo hakimu. Kilichoandikwa kimetokea, wala hakuna rufaa.

Mwiko wao ulikuwa mmoja tu. Asiyekuja, mhusika wake haguswi. Anaachwa kambini amelala mpaka mwenyewe arudi.

Jumapili ile iliyopita shemeji alikuwa kazini tena, na Karani alikuwa na donge. Si la mchezo peke yake, tuseme ukweli. Dada yule ndiye aliyemlea Karani baada ya mama yao kufariki, akamfundisha hata kufunga kamba za viatu. Na tangu aolewe, kila akifungua kinywa ni "mume wangu" hivi, "mume wangu" vile. Wivu huo, na haukuwa mdogo. Basi hadithi ilipofika kisimani, jini akatoka akitaka mwili wa kukaa. Kinyozi akakataa kumtoa mtu wake. Dada akakataa.

"Namtoa Mlinzi," alisema Karani. Mlinzi alikuwa mhusika wa shemeji.

"Ah, mdogo wangu, si hayupo? Mwache alale."

"Mezani neno la mwisho ni langu, dada." Akaandika huku akisoma kwa sauti: *Mlinzi amekabidhiwa kwa jini, kwa hiari yake mwenyewe.* Hiari hiyo kaitoa wapi? Hakuna. Aliiongeza kwa kuwa ilimkolea moyoni. Kisha akamsemea jini, akivuta pumzi ndani: "Nimepokea." Chumba kikanuka matope yaliyolala, na Kinyozi akayalaumu mabomba.

Jumapili hii sasa shemeji aliomba maji mengine. Na mengine. Kesho yake hakwenda kazini. Alikaa kwenye kiti cha Karani, akinywa jagi baada ya jagi bila kwenda msalani, na ile harufu ya matope ikamtoka mdomoni. Dada alipompigia simu mdogo wake, alinong'ona. "Ananiangalia kama mgeni anayekagua nyumba. Mdogo wangu, naogopa kulala humu."

Karani alifika mbio na daftari. Akajifungia jikoni, akaukata mstari ule kwa kalamu, mara moja, mara mbili, kwa nguvu, na dada akapiga yowe sebuleni. Alipotoka alimkuta shemeji ametulia tuli, na kwenye mkono wake ngozi inachanika yenyewe, mfuo mmoja, mfuo wa pili, imenyooka kama iliyopigwa kwa rula. Karani alidondosha kalamu.

Kinyozi ndiye aliyemleta mganga, bibi mfupi mwenye mkoba wa turubai na ulimi mkali. "Mnawaita wenyewe, kisha mnanitafuta mimi nije kufagia," alisema, akavuta kiti. Akamkazia macho aliyemo ndani ya shemeji. "Nani kakupa nyumba ya watu?"

"Mwenyewe... kajitoa..." Pumzi ikaingia. "Muulizeni... mwandishi..."

Wote wakamgeukia Karani.

"Nilikosea kuandika," alisema, jasho likimtiririka. "Ilikuwa mchezo tu, bibi."

Shemeji akatabasamu, akavuta pumzi, akaendelea kuvuta bila kuitoa, kifua kikipanda na vifungo vya shati vikifyatuka kimoja kimoja, mishipa ya shingo ikimtutumka, uso ukigeuka rangi, na bado pumzi iliingia, ikapeperusha mapazia kuelekea kwake, ikazikokota dadu mezani, huku dada amemkumbatia kiunoni akilia kwamba atoe, atoe pumzi baba, toa, na mganga akapaza sauti juu ya kilio chake:

"Uongo wako ndio chakula chake! Unamnenepesha!"

"Sikukosea!" Karani alipiga magoti. "Niliandika makusudi! Hakuridhia, hiari niliibuni mimi. Nilitaka apotee, dada. Nilitaka asirudi, ubaki na mimi."

Shemeji akatoa pumzi yote, akaangukia mikononi mwa mkewe. Mganga akafungua mlango, akasubiri kidogo, akaufunga kwa kishindo.

"Kwa huyu ametoka," alisema.

Dada hakumtazama mdogo wake. Wala hakumshtaki kwa mumewe, na hilo ndilo lililomla Karani usiku na mchana. Wiki zilipopita, shemeji mwenyewe akampigia, sauti nzima, kicheko tele. "Shemeji yangu, umenitupa? Dada yako kaniambia wewe ndiye uliyeniokoa! Jumapili njoo tucheze." Karani alitamani ardhi ipasuke immeze. Lakini alikwenda, amebeba msamaha aliokuwa ameufanyia mazoezi njia nzima.

Dada alifungua. "Karibu, mdogo wa..." Akatazama nyuma ya bega lake, na rangi ikamtoka.

"Wewe ingia," alinong'ona. "Huyo uliyekuja naye abaki nje."

Karani akageuka. Ngazi zilikuwa tupu, ila zilinuka matope yaliyolala. "Sijaja na mtu, dada."

"Amekushika bega."

Ndani, shemeji akaita, "Ni yeye? Aingie bwana, anangoja nini!"

Dada aliushika mlango kwa mikono miwili. Hakuufunga. Alikuwa anamwachia yeye aamue, kama alivyokuwa akimwachia utotoni amalize kulia kwanza.

"Mwambie nilikuwa napita tu," alisema Karani. "Mwambie kazi zimenizidi."

"Mdogo wangu jamani..."

"Funga, dada. Nisamehe. Funga."

Komeo likaingia, na nyuma ya mlango akamsikia dada akilia. Karani aliuweka mkono mlangoni, kisha akauondoa.

"Haya," alisema, bila kugeuka. "Twende."