Mgeni wa Mtakatifu Nikola

Saa 4:10 asubuhi. Chumba cha nyuma cha saluni, mji wa Zrenjanin, Serbia.

Ratomir alichora ramani juu ya boksi la piza. Alijiona jenerali. Jeshi lake lote lilikuwa watu wawili: Miodrag, fundi wa kufuli, na Slavica, msusi mwenye saluni na mdomo usiolala.

"Mama Desanka ana sanduku la chuma kabatini," alisema. "Jumatatu analipeleka kwa mwendesha mashtaka. Likifika huko, nimekwisha."

Ndani yake kulikuwa na bastola yenye alama za vidole vya Ratomir. Marehemu mume wa Desanka, Inspekta Gvozden, aliificha miaka tisa ili amwendeshe Ratomir kama punda. Mshenzi alimfuga mshenzi mwenzake. Mjane hakujua kilichomo. Alijua ni mali ya kazi, na alimwambia hivyo Slavica huku akipakwa rangi nywele.

Miodrag hakuuliza bastola ile ilimuua nani. Tangu mdogo wake, Nenad, apigwe risasi kando ya mto Begej, alikula kwa Ratomir. Ratomir alimwambia ni polisi waliomuua, naye bwege akaamini.

"Leo kwao ni slava," Ratomir aliendelea. "Wanamsherehekea Nikola, mtakatifu wa ukoo wao. Mlango wazi, haalikwi mtu, hafukuzwi mtu. Mimi nawapigisha soga mezani. Wewe, Miodrag, unapeleka makoti chumbani, kabati liko humo humo. Dakika kumi."

"Bosi, wakikuuliza mtakatifu wa kwenu?" Miodrag aliuliza.

"Nitajibu. Nani asiyemjua mtakatifu wa kwao? Fala wewe!"

Slavica alicheka.

Saa 7:05 mchana.

Waliingia na chupa ya divai na pakiti ya kahawa. Slavica alibaki garini chini ya dirisha la chumba, injini ikinguruma. Mlangoni kila mmoja alichota kijiko cha ngano tamu iliyochemshwa, inayoliwa kuwakumbuka marehemu, akapiga ishara ya msalaba. Ratomir alipiga kwa madaha, utadhani askofu.

"Sikukuu njema, mama! Nilifanya kazi na marehemu."

"Karibu, mwanangu. Keti, kula samaki."

Miodrag alibeba makoti.

Saa 7:14.

Ratomir alikuwa na raha. Alikula kambare kwa mikono miwili, akasimulia uongo kuhusu marehemu. Wastaafu wawili wa polisi waliokuwa mezani walicheka. Aliwadharau wote: wazee, mishumaa yao, ngano yao.

"Na kwenu mnamsherehekea nani?" Desanka aliuliza.

Hilo huulizwa kila mgeni. Ratomir hakuwa amewasha mshumaa tangu mama yake afe, lakini majivuno ya ukoo hayakumtoka.

"Nikola, mama! Tangu babu wa babu."

Vijiko vilisimama.

"Nikola ni leo," Desanka alisema polepole. "Sasa kwako nani anapokea wageni?"

Hata mlevi wa stesheni anajua kwamba siku ya mtakatifu wake mtu hatoki nyumbani kwenda kula kwa mwingine. Mstaafu mmoja aliinuka, akafunga mlango kwa ufunguo.

"Kaa, mgeni. Tueleze vizuri ulifanya kazi gani na Gvozden."

Saa 7:16.

Chumbani, kufuli lilikuwa limeshaachia. Bastola ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, na karatasi yenye mwandiko wa inspekta: *Imemuua Nenad, Begej. Mpigaji: Ratomir.*

Miodrag alisoma mara mbili. Miaka tisa alikuwa amekula mkate wa muuaji na kusema asante.

Dirisha lilikuwa wazi. "Ruka, bwana!" Slavica alinong'ona. Angeruka, sanduku lingezama mtoni na Ratomir angelala kwake usiku huo.

Alirudi mezani. Slavica akakanyaga mafuta, akatokomea.

Ratomir alipomwona na sanduku, rangi ilimtoka.

"Miodrag! Waambie hawa tunaondoka."

Miodrag aliliweka sanduku kando ya mshumaa, mbele ya mjane.

"Mali ya mumeo hii, mama. Isomwe mbele ya watu."

"Mpumbavu! Twende!"

"Nenda wewe, una wageni nyumbani," Miodrag alisema. "Wa kwetu ni Mtakatifu Georgi, wa Mei. Mimi leo naruhusiwa kukaa."

Akavuta kiti, akachota kijiko cha ngano.

"Ya Nenad," alisema, akala.